Gemu za mbio za magari: kwa nini kila moja ina mwendo wake, na barabara halisi inakataa wapi

Kijana wa Tingi mwenye simu janja anaweza kuendesha magari matatu kabla ya kulala. La kwanza linakata kona kama limefungwa kamba. La pili linaserereka kona nzima bila kupunguza mwendo. La tatu linabinuka likipanda kilima kwa sababu ameongeza mafuta mapema mno. Simu ni ileile na vidole ni vilevile, ila mwendo wa kila gari ni tofauti kabisa. Kesho yake asubuhi huenda kijana huyohuyo akawasha pikipiki na kuingia barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, ambako mabasi ya Mtwara na malori yenye shehena yanapita mbele ya nyumba zetu.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini gemu za magari hazifanani mkononi, tukizilinganisha zile za zamani na zile ambazo vijana wanazo kwenye simu leo. Hatuandiki ili kumkataza mtu asicheze. Gemu hizi zimetengenezwa zitudanganye kidogo ili zitufurahishe. Anayejua uongo uko wapi anacheza vizuri zaidi, na akishika pikipiki hausahau.

Arkedi na simuleta

Gemu za magari ziko za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza huitwa simuleta. Hizi hujaribu kuiga gari la kweli: uzito wake, breki zake, tairi zake zinavyochakaa. Mfano maarufu ni Gran Turismo ya Japani, iliyotoka mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation. Ukiingia kwenye kona na mwendo mkubwa kupita kiasi, gari linatoka nje ya barabara na mbio zimekuharibikia.

Aina ya pili ni arkedi. Jina linatokana na kumbi za Japani, Marekani na Ulaya zilizokuwa na mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu. Mwenye ukumbi alitaka mtu yeyote aliyetumbukiza sarafu afurahi tangu dakika ya kwanza, hata kama hajawahi kushika usukani maishani. Kwa hiyo gari la arkedi lilitengenezwa lisamehe makosa. Gemu nyingi za magari tunazoziona kwenye simu na kwenye vibanda vya gemu ni watoto na wajukuu wa mashine hizo.

Tairi ndilo kila kitu

Ili uelewe tofauti za gemu, elewa kwanza kazi ya tairi. Gari zima, pamoja na abiria na mizigo, linashika barabara kwa sehemu nne ndogo tu, kila moja ukubwa wa kiganja hivi. Pikipiki ina sehemu mbili, tena ndogo zaidi. Kupitia sehemu hizo ndipo gari linasimama, linakata kona na linaongeza mwendo.

Nguvu hiyo ya kushika ina kikomo, na kazi zote tatu zinagawana kikomo kimoja. Ni kama ndoo moja ya maji: ukitumia yote kuogea, hakuna ya kupikia. Dereva anayefunga breki kwa nguvu zote huku anakata kona ameitisha maji mara mbili kutoka kwenye ndoo moja. Ndoo ikikauka, tairi linaachia na chombo kinateleza.

Watengenezaji wa gemu za arkedi huichezea ndoo hiyo. Wengine huijaza isikauke kamwe. Wengine huiacha ikauke, lakini kuteleza kunageuka kuwa raha badala ya ajali. Wengine hukupa zawadi kila unapoimwaga. Hapo ndipo kila gemu inapata mwendo wake.

Zile za zamani

OutRun ya kampuni ya Sega, iliyotoka mwaka 1986, ni miongoni mwa zilizofungua njia. Mchezaji aliendesha gari jekundu la Ferrari kwenye barabara ya pwani. Kwenye kona gari lilivutwa upande wa nje, na hapo palikuwa na ukweli fulani, maana mwendo mkubwa hukusukuma nje kweli. Uongo ulikuwa kwenye ajali. Gari lilipinduka, dereva na abiria wake wakatupwa nje, kisha baada ya sekunde chache safari ikaendelea. Adhabu pekee ilikuwa kupoteza muda.

Ridge Racer ya kampuni ya Namco, ya mwaka 1993, ilileta kuserereka, kule ambako vijana huita drifti. Unaachia mafuta kidogo kabla ya kona, unakunja, unaongeza tena, na gari linaserereka upande upande likifuata kona karibu lenyewe. Ni utamu mtupu. Lakini gari la kweli likianza kuserereka linamtaka dereva arekebishe usukani kila sehemu ya sekunde, na aliyechelewa anaishia mtaroni. Ridge Racer ilimfanyia mchezaji kazi hiyo kwa siri.

Sega Rally, iliyokuja muda mfupi baadaye katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa na ukweli mkubwa kuliko wenzake. Gari lilishika njia tofauti kwenye lami, kwenye changarawe na kwenye tope. Mchezaji alijifunza kwamba kona ileile kwenye changarawe inataka uanze kujiandaa mapema. Sisi wa Kilwa tunalijua hilo bila gemu. Ukitoka Tingi kwenda Nangurukuru uko kwenye lami, lakini ukichepuka kwenda shambani unakuta mchanga, na tairi la mbele la pikipiki linaanza kuogelea. Hata barabara kuu nayo hubadilika. Mwezi Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara kuu eneo la Somanga. Aliyeizoea kama lami tupu alikuta haipo.

Kisha zikaja zile zilizojaa kwenye vibanda vya PlayStation 2. Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005 ilikuwa na kitufe cha kupunguza kasi ya muda. Ukiona kona imekuzidi, unakibonyeza, dunia inakwenda polepole, unapata nafasi ya kukunja. Burnout 3 ya mwaka 2004 ilikwenda mbali zaidi. Ukiendesha upande wa magari yanayokuja, au ukipita kwa kukwaruzana na gari jingine, unapewa nguvu ya ziada ya kukimbia. Yaani hatari ndiyo mafuta yenyewe ya gari.

Zile za kwenye simu

Asphalt ya kampuni ya Gameloft ndiyo inayoonekana ya kifahari kuliko nyingine. Asphalt 8 ilitoka mwaka 2013, na magari yake yanaruka kwenye majukwaa, yanazunguka hewani na kutua kwa magurudumu kama paka. Asphalt 9 ya mwaka 2018 iliongeza njia ya kucheza ambayo gari linajikatia kona lenyewe. Kazi yako ni kuchagua njia, kuserereka na kubonyeza nitro. Kwa simu yenye kioo kidogo ni msaada mkubwa, maana kidole hakina usukani wa kushika. Lakini kwa hisia ya kuendesha, wewe hapo ni kama abiria anayemwelekeza dereva.

Hill Climb Racing ya Finland, ya mwaka 2012, inaonekana ya kitoto: katuni, vilima, na pedali mbili tu za mafuta na breki. Usidanganyike na sura yake. Kati ya gemu nyepesi za simu, hii inaeleza vizuri sana jinsi uzito unavyohama. Ukiongeza mafuta kwenye mwinuko, uzito unarudi nyuma na tairi la mbele linanyanyuka. Ukifunga breki kwenye mteremko, uzito unakwenda mbele na unaweza kubinuka. Dereva wa bodaboda aliyewahi kupandisha kilima na gunia la mkaa nyuma anajua hasa tunazungumzia nini. Zaidi ya hapo, mafuta yanaisha, na kichwa cha dereva kikigonga chini mchezo umekwisha.

Traffic Rider ya mtengenezaji wa Uturuki, iliyotoka mwaka 2016, ndiyo inayogusa zaidi watu wetu, kwa sababu ni ya pikipiki. Unaona mbele kwa macho ya mwendeshaji, mikono yako iko kwenye usukani, na mlio wa injini unakuingia masikioni. Kanuni zake ziko wazi: ukizidi kilomita 100 kwa saa, kila gari unalolipita kwa karibu linakupa alama za ziada na pesa za mchezo. Ukienda upande wa magari yanayokuja, alama zinaongezeka. Ukinyanyua tairi la mbele, zinaongezeka pia. Kwa hisia ya kasi, gemu chache za simu zinaifikia. Kwa ukweli wa pikipiki, iko mbali sana. Humo hakuna upepo wa lori unaokusukuma, mchanga kwenye lami wala abiria anayejitikisa nyuma yako.

Upande wa pili iko Bus Simulator Indonesia, ya mwaka 2017. Hii si ya mbio. Wachezaji wanaweza kutengeneza mabasi yao na kuyaingiza kwenye gemu, ndiyo maana humo utakuta hata mabasi yenye rangi za kampuni za Afrika Mashariki. Basi lake ni zito. Linachelewa kuondoka na linachelewa kusimama, na kona inakutaka upunguze mwendo mapema. Anayetoka Asphalt kuja hapa husema inachosha. Kinachomchosha ni uzito, na uzito ndio ukweli wa barabara.

Macho na masikio yanavyodanganywa

Kuna jambo jingine linalofanya gemu mbili zenye kasi ileile zionekane tofauti. Watengenezaji huweka jicho la mchezaji chini karibu na lami, na kasi ikipanda hutanua picha ili miti ya pembeni ipite kama mishale. Injini inapiga kelele, upepo unavuma, kioo kinatetemeka. Kilomita 120 zinaonekana kama 250.

Ukitoka hapo ukapanda pikipiki ya kweli, kilomita 60 kwa saa zinaonekana ni mwendo wa kwenda msibani. Jicho limeshazoea kelele na mtetemo kama kipimo cha kasi. Lakini chombo cha kweli kinachokwenda kilomita 60 kwa saa kinakata karibu mita 17 kila sekunde, hata kama masikio yako yanasema unatembea.

Simu nzito, usukani mzito

Mara nyingi kijana husema gemu fulani ni mbaya kumbe tatizo ni simu. Gemu ni picha zinazobadilishwa haraka. Simu ikitoa picha 30 kwa sekunde, usukani unaitika vizuri. Ikichoka ikatoa 15, kidole chako kinakunja sasa na gari linakunja baadaye, nawe unalaumu gari.

Mambo machache husaidia. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya gemu. Funga programu nyingine zinazofanya kazi nyuma. Zima hali ya kuokoa betri, maana inapunguza nguvu ya simu, na usicheze simu ikiwa kwenye chaji, kwa sababu inapata moto na kujipunguza kasi yenyewe. Acha nafasi kwenye simu, isijae hadi mwisho.

Kuhusu bando, Hill Climb Racing na Traffic Rider zinachezeka bila intaneti ukishazipakua, na ukizima data unakwepa pia matangazo mengi. Asphalt 9 inataka nafasi kubwa zaidi na intaneti. Kwa mwenye bando la wiki, hiyo ni tofauti ya kweli.

Barabara inakataa wapi

Sasa tuweke uongo wa gemu kwenye mizani ya barabara yetu. Tunatumia hesabu za kawaida za fizikia, kwa lami kavu na breki nzima.

*Kusimama.* Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, dereva anatumia kama sekunde moja kuona hatari na kushika breki, na katika sekunde hiyo ameshakwenda mita 11. Kisha anahitaji kama mita 10 nyingine kusimama. Jumla ni mita 21. Sasa afanye 80 kwa saa. Sekunde ya kwanza inakula mita 22, na breki inataka kama mita 41. Jumla ni mita 63, zaidi ya kutoka golini hadi katikati ya uwanja wa mpira. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa breki umeongezeka mara nne. Kwenye mchanga au lami yenye maji, ongeza tena. Katika gemu ya arkedi hesabu hii imefutwa.

*Kupita gari jingine.* Tuseme unalipita lori ukiwa na mwendo wa 80, na basi linakuja mbele likiwa na 80. Mnasogeleana kwa 160 kwa saa, sawa na mita 44 kila sekunde. Basi unaloliona mita 200 mbele liko usoni mwako baada ya sekunde nne na nusu. Traffic Rider inalipa pesa kwa hesabu hiyo. Barabara ya Kilwa hailipi.

*Kugonga.* Kugonga kitu kigumu ukiwa na kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Fikiria mkwezi anayeachia kileleni mwa mnazi mrefu. Hiyo 50 ndiyo mwendo wa mwisho unaoruhusiwa na sheria kwenye makazi ya watu. Kofia ngumu inakinga kichwa, na ivaliwe na mwendeshaji na abiria, lakini haimgeuzi mtu kuwa gari la OutRun.

Utafiti unasemaje

Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Peter Fischer walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Vijana wa kiume waliocheza gemu za mbio walipewa baadaye matukio ya barabarani kwenye kompyuta. Walithubutu hatari zaidi kuliko vijana waliocheza gemu za kawaida. Utafiti uliofuata wa kundi hilo, wa mwaka 2009, ulielekeza kidole hasa kwenye gemu zinazomtuza mchezaji kwa kuvunja sheria za barabara.

Tusilivute jambo hili kupita kiasi. Majaribio hayo yalifanywa kwenye kompyuta, hayakufanywa kwenye barabara kuu, na wengi wanaocheza gemu ni waendeshaji makini. Ajali zina sababu nyingi: uchovu, pombe, breki mbovu, barabara yenyewe. Tunachoweza kusema ni kwamba aina ya gemu ina maana. Inayokuadhibu kwa kosa inakufunza jambo moja, na inayokulipa kwa kosa lilelile inakufunza jambo jingine.

Wapo pia waliotoka kwenye gemu wakawa madereva wa kweli. Mwingereza Jann Mardenborough alishinda shindano la wachezaji wa Gran Turismo mwaka 2011, akawa dereva wa mbio za magari, na habari yake ikatengenezewa filamu mwaka 2023. Lakini yeye alitokea kwenye simuleta, na kabla ya kushindana alifundishwa kwenye magari halisi, na walimu halisi, kwenye viwanja vilivyofungwa.

Kwa kifupi

- Unataka kuelewa uzito na mizani: Hill Climb Racing.
- Unataka uvumilivu wa chombo kizito: Bus Simulator Indonesia.
- Unataka mbwembwe na picha nzuri: Asphalt, ukijua kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanywa na gemu yenyewe.
- Unataka kasi ya pikipiki: Traffic Rider, ukikumbuka kwamba kila kinachokupa alama humo ni kosa barabarani.

Kwa mzazi, badala ya kunyang'anya simu, kaa na kijana umuulize maswali matatu. Gemu hii inakupa alama kwa kufanya nini? Ukigonga, nini kinatokea? Ukifunga breki kwenye kona, gari linafanyaje? Majibu yake yatakuonyesha gemu hiyo inamzoesha nini.

Kwa kijana unayejiandaa kuendesha bodaboda, cheza utakavyo, kisha tafuta mafunzo na leseni kabla ya kubeba mtu. Siku ya kwanza jifunze breki kwanza: mahali pa wazi, mwendo mdogo, mbele na nyuma kwa pamoja, kwenye lami na kwenye mchanga, mpaka mkono wako ujue ndoo yako ina maji kiasi gani.